Barazani kwa Shangazi: Nani Ataenda Sokoni?

Mombasa, Agosti 2020

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinazunguka jambo moja: nani atoke, nani abaki, na aliyebaki afanye nini nyumbani. Si ajabu. Kwa sababu ya korona, tangu Aprili 8 hadi Julai 7 hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, na Kilifi na Kwale nazo zilifungwa hadi mwanzo wa Juni. Sisi wa Mji wa Kale tukafungiwa mara ya pili ndani ya kufungwa huko, tangu Mei 6 hadi mwanzo wa Juni. Kumi la mwisho la Ramadhani na sikukuu ya Idi vilitukuta humo. Sasa njia ziko wazi, lakini kafyu ya saa tatu usiku ipo, na korona ipo. Nimechagua barua sita. Majina ya wenyewe nimeyaacha, kama ilivyo desturi ya baraza hili.

Shangazi, shikamoo. Mama yetu ana miaka 71, anaishi Kibokoni, ana presha na sukari. Tangu Machi sisi watoto tumemkataza kutoka. Sokoni tunakwenda sisi kwa zamu, dawa tunamletea, hata maji ya kunywa tunampandishia hadi ghorofani. Hana anachokosa. Lakini amebadilika. Hasemi sana, na samaki tukimletea humkataa, anasema ni wa jana hata akiwa wa asubuhi hiyo hiyo. Juzi nilimkuta amevaa buibui, amekaa kitandani. Nikamwuliza anakwenda wapi, akasema popote. Dada yangu anaona ni utu uzima. Mimi naona kuna jambo jingine. Tufanye nini?
*Kitinda mimba, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Umeona sawa, na umwambie dada yako nimesema hivyo.

Mama yenu ameachishwa kazi. Tangu aolewe, kila asubuhi aliamka akijua kuna mambo yanamngoja ayaamue: leo samaki gani, wa nani, kwa bei gani, na chenji ikibaki aongeze nini. Kwa wanawake wa rika letu sokoni si mahali pa kununua tu. Pale ndipo tunapojua nani anaumwa, nani kajifungua, posa ya nani imejibiwa. Mama yenu alikuwa akirudi kutoka Marikiti na kikapu pamoja na habari za mtaa mzima, na habari hizo ndizo zilizomfanya atafutwe na majirani jioni. Nyinyi mmemletea kikapu peke yake.

Kumzuia asiingie kwenye msongamano mmefanya vizuri, na msilegeze. Maradhi haya huwaelemea zaidi wazee na wenye presha na sukari, na yeye ana yote matatu. Lakini mtu anaweza kuzuiwa asiende sokoni bila kunyimwa kuamua kinachonunuliwa huko.

Usiku, baada ya chakula, yeye ndiye aseme kesho kinapikwa nini na vitu vinunuliwe kwa nani. Aandike mwenyewe, au amwambie mjukuu aandike. Asubuhi ampigie simu muuza samaki wake. Ampigie yeye, si wewe kwa niaba yake. Muuza samaki aliyemzoea miaka yote atamwambia ukweli ambao wewe hatakuambia, kwa sababu anajua mama yako atamwuliza maswali usiyoyajua: samaki huyu aina ya changu amelala kwenye barafu tangu lini, matamvua yake mekundu au yameanza kuwa kahawia, ukimbonyeza ubavuni nyama inarudi? Wakubaliane bei wenyewe. Wagombane kidogo wakitaka, hata kugombana bei amekukosa tangu Machi.

Kisha alipe yeye. Tangu Machi, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukatwi ada, na nafuu hiyo imeongezwa hadi Desemba, kwa hiyo hata akilipa samaki mbali na mboga mbali hapotezi kitu. Mwekeeni pesa ya matumizi kwenye simu yake, halafu msimwulize ameitumiaje. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona nyumba nyingi ambako korona imegeuka sababu ya watoto kushika pesa za mzazi, na zikishashikwa hazirudi mkononi mwake kwa urahisi.

Kinachobaki ni miguu, na miguu ndiyo nyinyi. Atakayekwenda aende mapema. Kafyu inaisha saa kumi alfajiri. Ukiswali ukatoka, utafika penye samaki kungali na nafasi ya kusimama mita moja na nusu kutoka kwa mwenzako. Ukichelewa hadi saa tatu, mita hizo huzipati. Wewe wa Likoni una feri ya kuvuka, na kule foleni ni bega kwa bega hata watu wakijitahidi vipi. Ukishuka una matatu, ambayo kwa sasa hubeba abiria 8 badala ya 14 na nauli yake unaijua. Basi zamu ya samaki wachukue ndugu zako walio upande wa kisiwani. Wewe chukua dawa, unga, mchele, vitu visivyo na haraka, uvuke mara chache na uvuke saa ambazo watu ni wachache.

Mkifika nyumbani, osheni mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Sabuni ya kipande inatosha, si lazima ile ya chupa ya bei kubwa. Kirusi hiki kimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Samaki na mboga zioshwe kwa maji safi kama siku zote. Nasikia kuna watu wanaoroweka nyanya kwenye jiki. Jiki ni ya nguo na sakafu, ikiingia tumboni ni sumu.

Na mtoeni nje. Kila siku baada ya alasiri wekeni kiti barazani, barakoa usoni, na jirani yake akae kwenye baraza ya upande wa pili. Penye upepo ni salama zaidi kuliko chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Wasipeane mikono, na wajukuu kwa sasa wasimbusu mkono. Shikamoo inafika hata kutoka hatua tatu. Yeye akae hapo, apokee habari na azitoe.

Akisema tena samaki ni wa jana, msibishane naye. Mpeni simu ampigie aliyemuuza.

Shangazi, nyumbani kwetu kila jioni tunachemsha majani ya mwarobaini, ndimu na tangawizi, tunajifunika blanketi wakubwa kwa watoto. Mjomba anasema mvuke huo unaua korona. Ni kweli?
*Msomaji, Changamwe*

Hapana, hauui. Mvuke hufungua pua iliyoziba na mtu akajisikia nafuu, basi. Kirusi kikishaingia mwilini, joto la kukiua lingeunguza koo lako kwanza. Wakubwa wakipenda wajifukize. Watoto watoeni kabisa chini ya blanketi hilo, maana sufuria ya maji yanayotokota gizani na mtoto anayejitikisa ni hatari kuliko mafua yoyote. Tangawizi na ndimu mnywe, vinalainisha koo. Na mtu akianza kuhema kwa tabu, msikae kungoja mvuke ufanye kazi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Assalaam alaykum Shangazi. Baba yangu ana miaka 69. Sijawahi kumwona akiswali peke yake swala ya faradhi ila akiwa safarini. Misikiti iliporuhusiwa kufunguliwa Julai alitoa kanzu, akaipiga pasi mwenyewe, akajifukiza udi, akaenda. Alirudi baada ya muda mfupi. Aliambiwa mlangoni kwamba waliozidi miaka 58 bado. Tangu siku ile anasema atataja miaka mingine. Nimwambie nini?
*Kijana wa Majengo*

Wa alaykum salaam. Mimi pia nimeshapita 58, kwa hiyo barua yako nimeisoma nikiwa upande wa baba yako.

Sharti lilivyo ni hivi: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na waingie wenye umri wa miaka 13 hadi 58 tu. Madrasa nazo hazijaruhusiwa. Ni sharti linalouma, na sababu yake ni ya kweli, kwa kuwa wazee ndio wanaokufa zaidi. Ukitaka kumweleza baba yako habari za udhuru wa mgonjwa na wa mwenye kukhofia madhara, usimweleze. Anazijua, yeye ndiye aliyekufundisha. Na kuhusu kutaja miaka mingine, pale mlangoni wote wanamjua.

Nakushauri umwendee kwa ombi, si kwa katazo. Mwombe akuswalishe. Wewe, mama yako, ndugu zako na wajukuu mjipange nyuma yake nyumbani, kwa wakati, na si mmojammoja kila mtu akimaliza shughuli yake. Akitoka chumbani akute mkeka umetandikwa na safu inamngoja.

Nakuambia hili kwa sababu nimeliona. Ramadhani ilipotukuta tumefungwa, mzee mmoja wa mtaa wetu, seremala, aliswalisha tarawehe nyumbani kwake. Dirisha lake na langu yanatazamana, kwa hiyo kila usiku sauti ilinifikia. Miaka yote namjua mtu huyu kwa milango na vitanda. Sikujua kwamba amehifadhi juzuu za Qurani nyingi kiasi kile, wala wajukuu wake hawakujua. Msikitini alikuwa safu ya nyuma, kimya. Baada ya Idi mjukuu wake wa kiume, mtoto ambaye zamani ulikuwa humpati nyumbani ila wakati wa kula, akawa anakaa naye baada ya alasiri asomeshwe. Wanaendelea mpaka sasa.

Madrasa zikiwa zimefungwa, wajukuu wenu wana muda na baba yako ana elimu. Mpe kazi hiyo. Wala usimpe kama kitu cha kumpumbaza, maana atajua. Watoto kweli wanasahau, na kweli hakuna mwingine wa kuwasomesha.

Jambo la mwisho. Wazee wengi wakitoka msikitini alfajiri hupitia mahamri na mbaazi za nyumba nzima. Kama baba yako alikuwa na safari hiyo, asinyimwe. Ni saa yenye hewa safi na watu wachache, barakoa avae, akachukue mahamri kwa mama yule yule, asalimiwe kwa jina lake njiani, arudi. Siku ambazo moyo umemzidi, fuatana naye hadi nje ya msikiti asikie adhana kutoka barazani, kisha mrudi pamoja kuswali.

Shangazi shikamoo. Mimi niko darasa la sita. Shule zimefungwa na tumeambiwa mpaka mwaka ujao. Je, haya maradhi yataisha? Babu yangu anasema zamani kulikuwa na ugonjwa mbaya zaidi ya huu na ukaisha. Ni kweli au ananifariji tu?
*Mwanafunzi, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Babu yako amekuambia kweli. Sijui alikuwa akisema ugonjwa gani, kwa sababu ni zaidi ya mmoja, basi nitakuhadithia miwili, kisha wewe ukamwulize wake.

Wa kwanza ni ndui. Mwangalie babu yako juu ya mkono karibu na bega, huenda ukaona kovu dogo la mviringo. Mimi ninalo. Hiyo ni alama ya chanjo ya ndui. Ugonjwa huo ulijaza mwili vipele vya usaha, na kati ya watu 10 walioupata karibu 3 walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, wengine walipofuka. Watu walichanjwa nchi baada ya nchi, na mahali pa mwisho duniani ulipomshika mtu kwa njia ya kawaida hapakuwa mbali na sisi. Ilikuwa Merca, mji wa pwani ya Somalia, ukifuata ufuko huu huu wetu kwenda kaskazini, mwezi wa Oktoba 1977. Mtu huyo aliitwa Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali, naye alikuwa hajachanjwa, aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Na sehemu ninayoipenda zaidi ni hii: Maalin baadaye alijitolea katika kampeni ya chanjo ya polio, akiwapitia wazazi na kuwasimulia yaliyompata yeye, mpaka alipofariki mwaka 2013 akiwa kwenye kazi hiyo.

Wa pili ni homa kubwa ya mafua ya 1918, iliyokuja Mombasa kwa meli vita vya kwanza vya dunia vikielekea mwisho. Bibi yangu alikuwa msichana. Alinihadithia kwamba nguo nyeupe ya sanda ilikuwa haipatikani dukani, na kwamba nyumba ikiwa na wagonjwa watupu, majirani waliweka mtungi wa maji na uji mlangoni, wakagonga, wakaondoka. Watu wa zama hizo hawakujua kinachowaua ni nini. Kirusi cha homa ya mafua ya binadamu kilikuja kutambuliwa mwaka 1933, miaka 15 baadaye. Hiki cha sasa kilitambuliwa, na muundo wake ukachapishwa kwa wanasayansi wote, Januari mwaka huu, wiki chache tu baada ya wagonjwa wa kwanza kutangazwa. Sasa hivi kuna chanjo zinazojaribiwa. Sitakuahidi tarehe, kwa sababu hakuna anayeijua. Lakini tofauti ya miaka 15 na wiki chache ni kubwa, na wewe wa darasa la sita unaweza kuipigia hesabu.

Sasa nakutuma. Chukua daftari, keti na babu, umwulize: ugonjwa ule aliuona kwa macho au alihadithiwa? Nani katika ukoo wenu aliupata? Nyumbani walikuwa wakipata chakula vipi? Andika kama anavyosema, kwa maneno yake, hata akirudia. Shule zikifunguliwa hutakuwa umekaa bure. Ukimaliza niletee, nitachapisha kwa ruhusa yake.

Shangazi, nauza viazi vya karai na bajia jioni, Mwembe Tayari. Kafyu ya saa moja ilinimaliza. Sasa ni saa tatu lakini wateja wa usiku hawajarudi. Nihamie asubuhi?
*Mama wa Karai*

Usihamie asubuhi, asubuhi ya Mombasa ina wenyewe, nao ni mahamri na mbaazi. Vuta saa zako mbele. Uwe umeshakaanga saa tisa na nusu, maana siku hizi watu wanatoka kazini mapema kuwahi magari, na wanapita na njaa. Lile bakuli la ukwaju la kila mtu kuchovya liondoe kabisa. Tia ukwaju kwenye vikopo vidogo vyenye kifuniko, mteja aondoke nacho. Halafu tafuta nyumba za wazee wasiotoka. Wengi wao hawajaonja karai tangu Machi, na wajukuu wao hawana shule. Waachie namba yako ya simu, waagize kabla ya alasiri, mtoto atumwe kuchukua. Nikikupata karibu, mteja wako wa kwanza ni mimi.

Assalaam alaykum Shangazi. Nafanya kazi Muscat, huu ni mwaka wa nne. Bibi aliyenilea alifariki Mei, Mji wa Kale ukiwa umefungwa, na mimi huku Muttrah nimefungiwa. Ndege hakuna. Alizikwa na watu wasiozidi 15, hata mjomba wangu aliye Malindi hakuweza kufika. Nilitumiwa picha moja ya jeneza likitoka mlangoni, nikaifuta. Kinachonisumbua ni hiki. Wenzangu wakifiwa husimulia wosia walioachiwa. Mimi nikimkumbuka bibi nakumbuka kutumwa tu. Kalete mkate wa mofa. Kalete ubani. Peleka sahani hii kwa fulani, natema mate hapa, urudi kabla hayajakauka. Sina neno kubwa hata moja la kusimulia. Je, sikuwa nikimsikiliza? Na nimkumbuke vipi nikiwa mbali?
*Mjukuu, Muscat*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu bibi yako, akupe subira wewe na wote waliomlilia wakiwa mbali. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na nimeiweka mwisho nipate kuijibu kwa nafasi.

Ulimsikiliza. Ungekuwa humsikilizi usingekumbuka alikutuma nini.

Mimi pia nililelewa na bibi, Mkanyageni, na sina wosia wake. Alikuwa na sahani ya bati ya maua ambayo kila mchana, kabla sisi hatujala, alipakua wali na mchuzi, akafunika kawa, akaniambia nimpelekee mama mmoja mtaa wa pili aliyekuwa haoni vizuri. Niweke sahani, nimsalimie, nikae kidogo niulize kama ana haja, nirudi na sahani ya jana imeoshwa. Nilikuwa nikiona uvivu, hasa jua likiwa kali. Nilikuwa mtu mzima, bibi ameshafariki, nilipoambiwa na binti wa yule mama kwamba sahani ile ndiyo iliyokuwa chakula chao cha siku. Bibi hakulitaja hata mara moja. Angeniambia, ningemtazama yule mama kwa jicho jingine, na mama yule angeona haya mbele ya mtoto. Alinituma tu. Mambo aliyotaka niyajue aliyatia ndani ya safari: nikae kidogo, niulize haja, nisirudi na sahani chafu.

Sasa chukua kalamu. Andika safari zote alizokutuma unazozikumbuka. Mkate wa mofa wa nani, mlango upi, ulikuwa ukipita kichochoro gani, nani alikuwa akikaa kwenye baraza ya pembeni, alikuambia nini ukipita. Ubani ulinunua duka gani, na ulitumiwa siku gani ya wiki. Sahani zilikwenda nyumba zipi, na zilirudi na nini. Nina hakika ukifika nusu utaona kuna nyumba aliyokutuma mara nyingi kuliko nyingine, na kwamba hakukueleza kwa nini. Uliza walio huku sababu yake. Huenda wapo bado wanaojua.

Sahani hizo, nikuambie, mwezi wa Mei nusura zikome. Tulipofungwa watu waliogopa vyombo vya wenzao, na siku za mwanzo futari ililiwa kila mtu na mlango wake. Halafu mmoja akaweka kaimati mlangoni kwa jirani, akagonga, akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mlango ukafunguliwa. Kesho yake sahani ikarudi na tambi. Ikawa ndiyo mtindo wa mtaa mpaka Idi. Bibi yako alikuwa hai siku hizo za mwanzo. Kama nyumba yake ni ya zile ninazozifikiria, sahani zilimfikia, na naamini na yeye alitoa.

Kuhusu khitma, kisomo cha Qurani cha kumwombea marehemu, msingoje njia zifunguke. Gawaneni juzuu 30 kwa simu, Malindi, Mombasa na huko Muscat, kila mtu achague yake na aseme akimaliza, kisha mjomba wako asome dua wote mkisikia. Familia nyingi za mji huu wamefanya hivyo mwaka huu. Swala ya ghaibu, ya kumswalia maiti aliye mbali, muulize sheikh wa huko, yeye ndiye wa kukuambia hukumu yake.

Ukitaka kutoa sadaka kwa niaba yake, usitume pesa zikaishia kwenye simu ya mtu. Ile nyumba uliyokuwa ukitumwa sana, kama bado ina wenyewe, mwombe dada yako apike siku moja ya wiki, wewe ulipe, na sahani apeleke mtoto. Mtoto, si dada yako. Avae barakoa, aiweke mlangoni, agonge, asimame mbali, aulize kama wana haja. Usimweleze kwa nini.

Ile picha usihangaike nayo. Iko kwenye simu za wengine, utaipata siku utakayoitaka.

Lakini kuna mtu mmoja mpigie usichelewe, naye ni mwanamke aliyemwosha bibi yako. Wanawake hao waliingia majumbani mwezi wa Mei wakati wengine wote walikuwa wakiogopa kugusa kitasa cha mlango, na wengi wao hawajapata mtu wa kuwaambia ahsante. Mshukuru kwanza. Kisha mwulize siku zile za mwisho zilikuwaje, bibi alikuwa akitaka nini, alimtaja nani. Dada yako atakuwa na namba yake. Saa zenu zinatangulia zetu kwa saa moja, kwa hiyo ukimpigia ukishaswali isha utamkuta macho.